Louis Braille: Kipofu aliyewapa wenzake kalamu

MNAMO mwaka wa 1812, katika kijiji cha Coupvray kilicho takriban kilomita 40 mashariki mwa jiji la Paris, mtoto wa umri wa miaka mitatu aliingia katika karakana ya babake. Baba huyo, Simon-René Braille, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na mezani pake hapakukosa visu wala misharasi ya kutobolea ngozi. Mtoto alitwaa kifaa kimoja chenye ncha kali akitaka kuiga kazi aliyozoea kumwona mzazi wake akiifanya. Kilimponyoka, kikamchoma jicho.

Dawa za kuua viini hazikuwa zimejulikana siku hizo. Jicho lilitunga usaha, ugonjwa ukahamia jicho la pili, na alipotimiza miaka mitano Louis Braille hakuwa akiona chochote.

Alikuwa amezaliwa Januari 4, 1809, akiwa kitinda mimba katika familia ya watoto wanne. Katika Ufaransa ya enzi hiyo mtoto kipofu wa fundi wa kijijini hakutarajiwa kuwa na mustakabali wowote. Wengi wa aina yake waliishia barabarani wakiomba. Simon-René na mkewe Monique hawakukubali hatima hiyo. Baba alimchongea fimbo za kutembelea, na inasimuliwa kwamba alipigilia misumari kwenye ubao kwa umbo la herufi ili mwanawe azipapase. Padri wa kijiji, Jacques Palluy, alimfunza mambo ya msingi, kisha akamwombea nafasi katika shule ya kijiji pamoja na watoto wanaoona. Huko Louis alisikiliza na kuhifadhi kichwani. Alikuwa hodari, lakini wenzake walipoinamia vitabu na vibao vyao vya kuandikia, yeye alikaa mikono mitupu.

Ndipo Februari 1819, akiwa na umri wa miaka 10, alipopelekwa Paris katika Taasisi ya Kifalme ya Vijana Vipofu. Shule hiyo ilikuwa imeasisiwa na Valentin Haüy mwaka wa 1785, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza ya namna yake duniani. Jengo lake lilikuwa kuukuu na lenye unyevunyevu. Yamkini ndimo kifua kikuu kilichokuja kumuua Braille kilimoanzia.

Haüy alikuwa amebuni njia ya kuwasomesha vipofu kwa vidole. Karatasi iliyoloweshwa ilikandamizwa juu ya herufi kubwa za chapa hadi maumbo yake yakabaki yametuna upande wa pili. Huo ulikuwa ufanisi mkubwa kwa zama zake, na haki ya Haüy isidhulumiwe. Hata hivyo, herufi hizo zilikuwa zile zile zilizotungwa kwa ajili ya macho. Mwanafunzi alilazimika kufuatiza kila mviringo na kila pembe kwa kidole, na kabla ya kufika mwisho wa sentensi alikuwa amesahau mwanzo wake. Vitabu vyenyewe vilikuwa vichache, vikubwa na vizito. Baya zaidi, mwanafunzi hakuwa na namna ya kujiandikia neno kwa njia hiyo. Alisoma kile alichochapishiwa na wanaoona, basi.

Mwaka wa 1821, aliyekuwa afisa wa jeshi kwa jina Charles Barbier aliiletea taasisi hiyo mtindo wake wa kuandika kwa nukta zilizotuna. Masimulizi mengi hudai kwamba aliubuni ili askari wasomeane amri gizani, ingawa Barbier alijishughulisha zaidi na watu ambao hawakupata fursa ya kujifunza kusoma kwa njia ya kawaida, vipofu wakiwamo. Alipanga sauti 36 za Kifaransa katika jedwali la safu sita, na kila sauti ikawakilishwa kwa nukta katika mistari miwili ya wima. Ishara moja ingeweza kuwa na hadi nukta 12.

Wanafunzi waligundua papo hapo kwamba nukta hupapasika kwa wepesi kuliko herufi za Haüy. Waligundua pia kasoro zake. Ishara ilikuwa ndefu kupita ncha ya kidole, hivyo ilibidi kidole kipande na kushuka. Tena mtindo huo uliandika sauti tu. Haukujali tahajia, haukuwa na alama za uakifishaji, na haukufaa kwa hesabu wala muziki. Kwa Barbier, hayo yalikuwa mambo ya ziada. Kwa kijana aliyetaka kusoma kama msomi yeyote yule, ndiyo yaliyokuwa kiini cha jambo.

Louis aliishughulikia kasoro hiyo kwa miaka kadhaa, usiku bwenini na wakati wa likizo Coupvray, akiwa na karatasi, kibao na kalamu ya ncha ya chuma. Kufikia mwaka wa 1824, akiwa na umri wa miaka 15, alikuwa ameipunguza ishara hadi nukta sita: tatu kulia, tatu kushoto. Nukta hizo huenea chini ya ncha ya kidole kwa mguso mmoja, na hutoa michanganyiko 63 inayotosha herufi, tarakimu, alama za uakifishaji na noti za muziki.

Mpangilio wake una mantiki nyepesi. Herufi kumi za mwanzo hutumia nukta nne za juu pekee. Kumi zinazofuata ni zile zile zikiongezwa nukta moja ya chini kushoto, na kundi la tatu huongezwa zote mbili za chini. Aliyejifunza kumi amekaribia kujua zote. Herufi w haimo katika utaratibu huo kwa kuwa Kifaransa cha wakati huo hakikuihesabu katika alfabeti yake. Ilitiwa baadaye, ikapewa umbo lisilofuata mpango. Ndiyo sababu mtoto wa Kenya anayejifunza breli kwa Kiswahili, lugha isiyoweza kutaja watu bila herufi hiyo, hana budi kuikariri peke yake.

Mwaka wa 1829 Braille alichapisha kitabu cha kueleza mfumo huo, na humo akamtambua Barbier kuwa ndiye aliyemfungulia njia. Wakati huo tayari alikuwa akifundisha katika taasisi hiyo hiyo, na mwaka wa 1833 akawa mwalimu kamili. Alifunza sarufi, historia, hesabu na muziki. Alikuwa pia mpigaji kinanda hodari katika makanisa ya Paris.

Wanafunzi waliupokea mfumo wake kwa mikono miwili, kwani kwa mara ya kwanza waliweza kunukuu masomo na kuandikiana barua. Wakubwa ndio waliosita. Mkurugenzi Alexandre-René Pignier aliuunga mkono, na mwaka wa 1837 taasisi ikachapa kitabu cha historia ya Ufaransa kwa nukta hizo. Lakini mwaka wa 1840 Pignier aliondolewa na nafasi yake ikatwaliwa na Pierre-Armand Dufau. Huyu aliamini kwamba maandishi yasiyosomeka na wanaoona yangewatenga vipofu na jamii. Akarejesha herufi zilizotuna, na matumizi ya nukta yakapigwa marufuku.

Hoja ya Dufau haikuwa ya kipuuzi. Mwalimu anayeona angesahihishaje kazi asiyoweza kuisoma? Mzazi angesomaje barua ya mwanawe? Braille mwenyewe alikuwa amelitafakari suala hilo, na mwaka wa 1839 alitoa mtindo mwingine wa kuchora herufi za kawaida kwa nukta, ili kipofu aweze kumwandikia anayeona. Pierre Foucault, kipofu aliyewahi kusoma katika taasisi hiyo, aliunda mashine ya kuharakisha kazi hiyo mwaka wa 1841, miongo kadhaa kabla ya taipureta kuenea maofisini. Ila Dufau alikosea kwa kupima chombo cha kujifunzia kwa faida ya mwalimu.

Marufuku hayakufua dafu. Wanafunzi waliendelea kuandika kwa siri, wakubwa wakiwafunza wadogo. Hatimaye naibu wa Dufau, Joseph Guadet, alimshawishi mkubwa wake abadili msimamo. Februari 1844, katika sherehe za kufungua jengo jipya la taasisi, wanafunzi waliuonyesha umma jinsi nukta zinavyoandikwa na kusomwa, na Dufau akakubali hadharani.

Ushindi huo ulimkuta Braille akiwa mgonjwa. Kifua kikuu kilikuwa kimemshika tangu miaka ya 1830, na alilazimika kuacha kufundisha mara kwa mara. Alifariki Januari 6, 1852, siku mbili baada ya kutimiza miaka 43, akazikwa Coupvray. Magazeti ya Paris hayakujishughulisha na kifo chake.

Mfumo wake ulikubaliwa rasmi katika taasisi hiyo miaka miwili baadaye, na mwaka wa 1878 kongamano la kimataifa jijini Paris likaupendekeza kwa mataifa mengine. Afrika Mashariki iliupata kwa upana kupitia shule ya Thika, iliyoanzishwa na Jeshi la Wokovu mwaka wa 1946. Mwaka wa 1951 ilitoka Marekani mashine ya Perkins iliyobuniwa na David Abraham, yenye vibonye sita vya nukta, ambayo mlio wake umekuwa sehemu ya madarasa ya wasioona kote duniani. Leo kuna vibao vya kielektroniki ambavyo pini zake huinuka na kuzama zikifuata maandishi ya kompyuta.

Kuna pia programu zinazosoma kwa sauti, na baadhi ya watu huuliza iwapo breli bado inahitajika. Walimu wa wasioona hujibu kwamba anayesikiliza tu hajifunzi tahajia wala uakifishaji, na ubishi huo Braille angeutambua mara moja, kwani ndio uliomtenganisha na Barbier.

Mwaka wa 1952, miaka mia moja baada ya kifo chake, Ufaransa iliufukua mwili wake na kuuhamishia Panthéon, jijini Paris, wanakolazwa mashujaa wa taifa hilo. Wenyeji wa Coupvray hawakukubali kumtoa wote. Mifupa ya mikono yake ilibaki katika makaburi ya kijiji, ndani ya chombo kidogo juu ya kaburi lake la kwanza.