Ochuka na Ufunguo wa Ghala

Sisi wakazi wa Munyaka, mtaa wa Eldoret, tunaishi katika mji wenye kiwanda cha risasi. Hivyo si ajabu nikijiuliza: silaha ikishatengenezwa, ni nani amzuiaye asiyeruhusiwa kuitumia? Jibu nalitafuta katika maisha ya Hezekiah Ochuka.

Ochuka alikuwa askari wa Jeshi la Wanahewa la Kenya, mwenye cheo cha sinia praiveti, ngazi iliyo karibu na ya chini kabisa. Hakuwa na amri juu ya ndege wala bomu. Hata hivyo, alfajiri ya Agosti 1, 1982, yeye na wenzake waliteka kambi, wakafungua maghala ya silaha, wakaingia Sauti ya Kenya na kutangaza kuwa serikali ya Rais Moi imepinduliwa. Kwa saa chache, praiveti alijiona mkuu wa nchi.

Hatari kubwa zaidi ilikuwa Nanyuki. Huko waasi waliwalazimisha marubani, kwa mtutu wa bunduki, kurusha ndege za vita zilizobeba mabomu ya kuipiga Ikulu ya Nairobi. Naam, ndugu msomaji, kila kizuizi kilikuwa kimekwisha kuvunjwa, isipokuwa dhamiri ya marubani. Waliyatupa mabomu katika msitu wa Mlima Kenya, na Ikulu ikanusurika.

Ochuka alitorokea Tanzania kwa ndege ya jeshi. Baadaye alirejeshwa, akahukumiwa na mahakama ya kijeshi, na Julai 1987 akanyongwa katika gereza la Kamiti. Tangu mwaka huo Kenya haijamnyonga mtu yeyote kwa hukumu ya mahakama.

Wenye silaha za nyuklia hawakuitegemea dhamiri peke yake. Mwaka 1962 Rais Kennedy wa Marekani aliagiza silaha hizo zilizowekwa Ulaya zitiwe makufuli ya namba za siri, na kanuni yao ni kwamba mtu mmoja hakai peke yake na bomu. Je, waliwachukia askari wao? La hasha! Walijua kuwa askari ni binadamu.

Kitanzi cha Kamiti kilikuja ghala likiwa limefunguliwa zamani, na wengi wakiwa wamekufa. Kinga ni bora kuliko tiba. Ufunguo wa ghala lolote, liwe la risasi au la mabomu, usiwe mkononi mwa mtu mmoja. Mwaka 1982 tuliokolewa na ujasiri wa marubani wachache. Taifa lenye busara halingojei kuokolewa hivyo mara ya pili.