TATA RAPHAËL, MLEZI WA VIJANA

Vijana wetu wa Kisangani wanapenda mpira, na wazazi wengine wanasema ni kupoteza wakati tu. Kwa hiyo tunakumbuka maisha ya Padri Raphaël de la Kethulle, aliyeitwa Tata Raphaël, maana yake Baba Raphaël.

Alizaliwa Ubelgiji mwaka wa 1890. Mwaka wa 1917 alifika Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo, akawa mwalimu katika misioni ya Scheut. Lakini kazi yake haikuishia darasani. Mwaka wa 1919 alianzisha shirika la michezo la Wakongomani, na mwaka wa 1936 ekipe ya Daring, ambayo leo ni Motema Pembe. Alijenga na viwanja. Kilicho kikubwa kilifunguliwa mwaka wa 1952. Alikufa mwaka wa 1956.

Hatusahau kwamba wakoloni walitumaini mpira utawatuliza vijana wasiwaze uhuru. Haikuwa hivyo. Tarehe 4 Januari 1959, watu waliotoka kutazama mpira katika kiwanja hicho walijiunga na wale waliodai uhuru. Humo pia Muhammad Ali alimshinda George Foreman mwaka wa 1974. Leo kiwanja kinaitwa Tata Raphaël.

Hakuwa wa kanisa letu, lakini tendo jema tunalitambua. Wazazi, msiwafukuze watoto kiwanjani. Mwende pamoja nao. Mtoto asiye na mlezi hulelewa na barabara. Mungu awabariki.