John Lilburne: Aliyegawa Vitabu Akiwa Kwenye Mkatale



Katika ukurasa huu wa maisha ya waliotutangulia, leo tunamtazama John Lilburne wa Uingereza, aliyefariki mwaka 1657. Hakuwa mchungaji wala askofu. Alikuwa kijana wa dukani London, akijifunza biashara ya nguo, ambaye jina lake lilikuja kujulikana nchi nzima kwa sababu ya vitabu.

Siku zile kuchapa kitabu halikuwa jambo jepesi. Amri ya Julai 1637 iliruhusu wapiga chapa wakuu 20 tu, ukiacha wa mfalme na wa vyuo vikuu. Kitabu cha dini kilipaswa kupata kibali cha Askofu Mkuu wa Canterbury au Askofu wa London. Askofu Mkuu wakati huo alikuwa William Laud, mtu asiyevumilia aliyempinga. Mwaka huohuo wanaume watatu, yaani mwanasheria William Prynne, mchungaji Henry Burton na daktari John Bastwick, walikatwa masikio hadharani kwa sababu ya maandishi yao dhidi ya maaskofu.

Lilburne alikuwa amemtembelea Bastwick gerezani, na moyo wake ukawaka. Akavuka bahari kwenda Uholanzi, ambako waumini wengi wa Uingereza walikuwa wamekimbilia, na ambako vitabu vilivyokatazwa kwao vilichapwa na kuingizwa nchini kwa siri. Aliporudi, mwenzake mmoja alimsaliti. Akakamatwa Desemba 1637.

Kiapo alichokikataa

Alipelekwa kwenye mahakama iliyoitwa Star Chamber. Huko mshtakiwa alitakiwa kuapa kwanza kwamba atajibu kila swali, kabla hajajua ataulizwa nini. Kwa njia hiyo wengi walijifunga kwa vinywa vyao wenyewe. Lilburne alikataa. Alisema hakuna mtu anayepaswa kulazimishwa kujishtaki mwenyewe.

Aprili 1638 alifungwa nyuma ya mkokoteni, mgongo wazi, akachapwa mijeledi yapata maili mbili katika barabara za London. Kisha wakamweka kwenye mkatale wa shingo, juani. Watu walipokusanyika akaanza kuwahubiria juu ya maonevu ya maaskofu. Tena alikuwa na vijitabu mifukoni, akavitoa na kuwarushia! Wakamziba mdomo kwa nguvu, wakamrudisha gerezani na kumfunga minyororo. Hata humo aliandika habari za mateso yake, zikatoka nje na kuchapwa. Tunakumbuka Yeremia mikononi mwa Pashuri (Yer. 20), na gombo lake lililochomwa likaandikwa upya (Yer. 36).

Mambo yanageuka

Novemba 1640 mbunge Oliver Cromwell alisoma ombi lake bungeni, naye akafunguliwa. Mwaka 1641 Star Chamber ikafutwa. Vijitabu vikafurika. Muuza vitabu mmoja wa London, George Thomason, alivikusanya kuanzia 1640 hadi 1661, akafikisha zaidi ya 22,000, navyo vimehifadhiwa hata leo.

Vita kati ya mfalme na bunge ilipoanza mwaka 1642, Lilburne alipigana upande wa bunge. Akatekwa, akashtakiwa kwa uhaini na upande wa mfalme mjini Oxford. Mke wake Elizabeth, akiwa mjamzito, alisafiri kupita katikati ya majeshi akibeba barua ya bunge iliyookoa maisha ya mumewe. Akina mama wetu mliobeba watoto na mizigo katika njia za vita, ninyi mnaijua safari hiyo.

Waliokatwa masikio wanapotawala

Hapa ndipo historia hii inapotugusa, wapendwa. Mwaka 1643 bunge lile lile, lililosema linapigania haki, liliweka amri mpya ya vibali vya vitabu. Prynne, ambaye masikio yake yalikatwa kwa ajili ya maandishi, sasa alitaka wasioafikiana na mpango mpya wa kanisa wanyamazishwe. Mwaka 1645 Lilburne alimwandikia barua akidai kila mtu apewe nafasi ya kusema na kuchapa. Barua hiyo ilichapwa bila kibali. Maofisa wakaanza kusaka mitambo ya siri, na muuza vitabu William Larner akatupwa gerezani mwaka 1646.

Lilburne mwenyewe alifungwa mara nyingi, safari hii na watu wa upande wake. Mwaka 1649, akiwa mfungwa, ndui iliingia nyumbani kwake, na watoto wake wawili wa kiume wakafa. Oktoba mwaka huo alishtakiwa kwa uhaini kwa sababu ya vijitabu vyake, na mpiga chapa aliitwa kutoa ushahidi. Baraza la wazee wa mahakama likasema hana hatia, na watu wakapiga kelele za furaha.

Januari 1652 bunge lilimfukuza nchini maisha yote. Akaishi ukimbizini Uholanzi na Bruges. Mwaka 1653 alirudi bila ruhusa, akashtakiwa tena, akaachiliwa tena na wazee wa mahakama, lakini wakuu hawakumpa uhuru wake. Alipelekwa kisiwa cha Jersey, kisha Dover. Huko mtu huyu mgomvi akajiunga na Waquaker, watu wa amani. Tusifiche kwamba alikuwa mgomvi: watu walitania kwamba akibaki peke yake duniani, John atagombana na Lilburne. Agosti 1657 aliruhusiwa kwenda kwa mke wake aliyekaribia kujifungua, akafa huko Eltham, akiwa na miaka arobaini na kitu.

Tunajifunza nini?

Kwanza, kuteswa hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki daima. Prynne alipigwa, kisha akataka wengine wapigwe. Sisi tuliokimbia kwa sababu ya kunyanyaswa, je, tukichaguliwa viongozi wa bloku, wazee wa kanisa au wa kwaya, tunawaachia nafasi wale tusioafikiana nao? Au yule wa kabila lingine tunamzima? Israeli waliagizwa wasimwonee mgeni, kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri (Kut. 23:9).

Pili, ukweli una gharama, na mara nyingi gharama hiyo inalipwa na familia. Elizabeth aliteseka pamoja na mumewe. Tuwaombee wake na watoto wa wafungwa, tena tuwatembelee, wala tusiwapelekee maneno matupu.

Tatu, ujasiri unahitaji upole. Lilburne alichelewa kuupata, lakini aliupata.

Maswali ya kuzungumza nyumbani:
1. Ni nani katika ushirika wetu ambaye hatumpi nafasi ya kusema?
2. Ni familia gani ya mfungwa tutakayoitembelea wiki hii?

Tuombe: Ee Bwana, ulituokoa mkononi mwa waonevu. Utulinde tusije tukawa waonevu. Amina.