Bi. Vijaya Lakshmi Pandit (1900–1990)

Bi. Vijaya Lakshmi Pandit alizaliwa tarehe 18 Agosti 1900 mjini Allahabad, kaskazini mwa India, akaitwa Swarup. Baba yake, Motilal Nehru, alikuwa wakili mwenye ukwasi. Kaka yake, Jawaharlal, ndiye aliyekuja kuwa Waziri Mkuu wa kwanza wa India huru. Alipoolewa na Ranjit Pandit mwaka 1921, alipewa jina jipya kwa desturi ya ukoo wa mumewe: Lakshmi wa ushindi.

Mke na mume walimfuata Mahatma Gandhi katika kupigania uhuru, na Bi. Pandit alifungwa mara tatu. Mwaka 1937 akawa waziri wa serikali za mitaa na afya katika jimbo lake, mwanamke wa kwanza nchini kushika cheo cha namna hiyo.

Januari 1944 Ranjit alifariki dunia, siha yake ikiwa imedhoofishwa na kifungo. Wawili hao walijaliwa mabinti watatu, bila mtoto wa kiume. Hivyo mali ikashikwa na ndugu wa marehemu, na mjane akabaki mikono mitupu. Ilikuwa mpaka mwaka 1956 ndipo sheria mpya ya urithi wa Wahindu ilipowapa wajane na mabinti fungu lao.

Msiba haukumvunja moyo. Mwaka 1946 aliongoza ujumbe wa India katika Umoja wa Mataifa, kuishtaki Afrika Kusini kwa sheria iliyowabana Wahindi wa Natal na Transvaal katika kumiliki ardhi. Kura 32 zilimuunga mkono, 15 zikampinga. Hata hivyo, Gandhi alikuwa amemwagiza ampe mkono Jenerali Smuts, mpinzani wake, na kumwomba baraka. Baada ya kura Bi. Pandit alimwendea, akamtaka radhi kwa neno lolote lililomchoma. Mzee yule alimjibu kwa upole kwamba ushindi ule ulikuwa mtupu, kwani ungemwondoa yeye madarakani bila kuwafaa Wahindi. Mwaka 1948 Smuts alishindwa kweli, na walioshika nafasi yake wakaleta ubaguzi mkali zaidi.

Alikuwa balozi Moscow, Washington na London. Na mwaka 1953 akawa mwanamke wa kwanza kuchaguliwa Rais wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa.

Mwaka 1977, akiwa mstaafu, alirudi jukwaani kumpinga Indira Gandhi, binti wa kaka yake, kwa kuwa alitawala kwa amri ya hali ya hatari na kuwafunga wapinzani. Damu ni nzito kuliko maji, lakini kwake haki ilikuwa nzito kuliko damu. Alifariki mjini Dehradun tarehe 1 Desemba 1990.

Sisi tunaoishi Afrika, Wahindu na majirani zetu, tukumbuke mambo mawili: alidai haki bila kuogopa, na aliyemshinda alimwendea kwa unyenyekevu.