Kleist Sykes: Askari Aliyeshika Kalamu

Ndugu msomaji, kama unakaa Manyoni au Itigi, reli ya kati unaijua vizuri. Kama unakaa Iramba au Singida mjini, huenda umewahi kuipanda. Leo utasoma habari za mtu mmoja aliyefanya kazi katika reli hiyo zamani. Alikuwa askari, kisha karani, kisha mfanyabiashara. Jina lake ni Kleist Sykes.

Yatima wa vita

Kleist alizaliwa Pangani mwaka 1894. Baba yake, Sykes Mbuwane, alikuwa Mzulu kutoka Inhambane, nchi ya Msumbiji. Mwaka 1889 Wajerumani walimleta pwani yetu pamoja na wenzake ili wapigane na Abushiri. Baadaye walimpeleka kupigana na Wahehe. Alipokuwa akirudi kutoka vita hivyo, alikufa maji katika mto Ruaha.

Kleist alibaki mtoto mdogo asiye na baba. Jamaa wa baba yake, Effendi Plantan, ambaye naye alikuwa askari, alimchukua akamlea kama mwanawe. Alimpeleka shule. Huko Kleist alijifunza kusoma, kuandika, lugha ya Kijerumani na kupiga taipu. Kumbuka elimu hiyo, ndugu msomaji. Ndiyo iliyomsaidia maisha yake yote.

Vita Vikuu vya Kwanza

Kleist aliingia katika jeshi la Wajerumani kama baba yake. Mwaka 1914 vita vilianza kati ya Wajerumani na Waingereza. Kleist alikuwa na umri wa miaka 20. Mkuu wa jeshi lao alikuwa Lettow-Vorbeck.

Wazungu waligombana, lakini waliokufa kwa wingi ni Waafrika. Katikati ya mwaka 1916 vita vilifika Kilimatinde na Dodoma. Wanaume walikamatwa wabebe mizigo ya majeshi. Wengi hawakurudi. Chakula na ng'ombe vilichukuliwa, na mvua ilikosekana. Ndipo ikaja njaa kubwa ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Pengine wazee wako walikusimulia habari zake.

Vita vilikwisha mwezi Novemba 1918. Wajerumani walishindwa. Askari wao Waafrika walibaki bila mshahara na bila bwana.

Kazi na jamaa

Wengine wangekata tamaa. Kleist alikuwa na bahati moja: alijua kusoma na kuandika. Waingereza walipoanza kutawala, alipata kazi ya ukarani katika reli huko Dar es Salaam. Alioa, akajenga maisha. Watoto wake watatu wa kiume wanajulikana sana: Abdulwahid, aliyezaliwa mwaka 1924, Ally, na Abbas. Wote aliwasomesha.

Mshahara wa karani Mwafrika ulikuwa mdogo kuliko wa Mzungu na wa Mhindi. Basi Kleist hakuutegemea mshahara peke yake. Alijifunza biashara, na baadaye aliiacha kazi ya reli akawa mfanyabiashara. Siku hizo biashara ya mjini ilikuwa mikononi mwa wageni. Waafrika wachache tu waliweza kuingia.

Umoja ni nguvu

Mwaka 1924 mwalimu maarufu Mwafrika, Dakta Aggrey, alifika Dar es Salaam. Kleist alizungumza naye. Aggrey alimshauri kwamba Waafrika waungane, wawe na chama chao.

Haikuwa kazi rahisi. Kleist alikula mshahara wa serikali, na serikali hiyo ndiyo iliyotawala watu wake. Angeweza kunyamaza ili alinde mkate wa watoto wake. Hakunyamaza. Mwaka 1929 yeye na wenzake walianzisha Chama cha Waafrika. Cecil Matola alikuwa rais, na Kleist alikuwa katibu. Wanachama walijitolea, wakajenga nyumba ya chama katika mtaa ambao sasa unaitwa Lumumba.

Mwaka 1933 Kleist alishiriki pia kuanzisha chama cha Waislamu kilichojenga shule ya watoto.

Mbegu iliota

Kleist alifariki mwaka 1949. Hakuuona uhuru. Lakini tarehe 7 Julai 1954, katika nyumba ile ile ya chama, TANU ilizaliwa. Mwalimu Nyerere alipata kadi namba 1. Ally Sykes alipata namba 2, na Abdulwahid namba 3. Leo mtaa wa Kipata, alikokaa Kleist, unaitwa Mtaa wa Kleist Sykes.

Tunajuaje habari hizi? Kabla ya kufa, Kleist aliandika mwenyewe habari za maisha yake. Mjukuu wake alizisoma, akazitumia kuandika habari zake kitabuni mwaka 1973. Baba yake Kleist, aliyezama Ruaha, hakuacha hata ukurasa mmoja. Nawe, ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Andika majina ya wazee wako, na yale waliyoyaona.

Maswali ya kujadiliana

1. Nani alimlea Kleist baada ya baba yake kufa?
2. Kusoma kulimsaidiaje baada ya vita?
3. Kwa nini kuanzisha chama kulihitaji ushujaa?
4. Katika kijiji chenu, ni mzee gani ambaye habari zake zafaa kuandikwa?