Tanaka Shozo: Mzee Aliyeutetea Mpunga

Ndugu wanajumuiya, shaba ya Katanga wengi wetu tunaijua. Leo nawaletea Mjapani aliyepambana na sumu ya shaba zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Tanaka Shozo alizaliwa mwaka 1841, mtoto wa mkuu wa kijiji, katika eneo ambalo leo ni mkoa wa Tochigi. Alirithi kazi ya baba yake, akagombana na bwana wa eneo lile, akafungwa. Mwaka 1890 alichaguliwa kuingia Bunge la kwanza la Japani. Mwaka huohuo mto Watarase ulifurika, ukamwaga mashambani matope ya mgodi wa shaba wa Ashio. Mpunga ukafa.

Kwani mpunga hauna kinga? Unayo. Mimi nasomea kilimo, na jambo hili hunivutia sana. Nafaka hutengeneza protini ndogo ziitwazo metalothioneini, zenye salfa nyingi. Salfa hiyo huikamata shaba, zinki au kadimi, isizurure ovyo ndani ya seli. Kwenye ngano, protini ya namna hii yenye zinki ilitambuliwa katika kiini cha mbegu mwaka 1987. Lakini kinga ina kikomo. Shaba kidogo mmea unaihitaji. Ikizidi, protini zinaelemewa, mizizi inadumaa.

Tanaka hakuzijua protini hizo, ila dawa aliijua: sumu izuiwe inakotoka. Alipiga kelele bungeni miaka kumi. Mwaka 1901 akajiuzulu, na tarehe 10 Desemba akalikimbilia gari la farasi la Mfalme Meiji, barua mkononi. Akakamatwa. Serikali ikaamua kukifuta kijiji cha Yanaka ili pawe bwawa la mafuriko. Mzee akahamia hukohuko mwaka 1904, akawa pamoja na waliogoma kuhama hata nyumba zao zilipobomolewa mwaka 1907.

Alifariki 4 Septemba 1913, ameacha mfuko mmoja wenye Agano Jipya, shajara na vijiwe vichache. Mgodi ulifungwa mwaka 1973, na mwaka uliofuata kampuni ikakubali kuwalipa wakulima fidia.

Wenzangu wa jenetiki, tafuteni mbegu stahimilivu, ni kazi njema. Ila kumbukeni kuwa mpunga unaweza kuonekana mzima kabisa huku punje zake zimebeba kadimi. Mbegu isibebeshwe wajibu wa mwenye mgodi.