Mwenda Jean Bosco: Gitaa moja, kazi ya watu wawili

Kama umeanza gitaa juzi, hii stori unaijua. Umeshika kodi tatu (si zile za KRA), yaani C, F na G, na zinatoka poa. Kisha unajifunza skeli, unajaribu solo, na ghafla wimbo unabaki uchi. Besi imepotea, rithimu imepotea. Unaanza kuamini bila msee wa pili hakuna muziki. Mimi nilikwama hapo miezi mingi, karibu niuze gitaa, hadi nikamsikia Mwenda Jean Bosco.

Jamaa alizaliwa 1930 huko Bunkeya, Katanga, kusini mwa Kongo. Mwaka wa 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimpata Jadotville, mji ambao leo unaitwa Likasi. Hapo ndipo Masanga iliporekodiwa. Ni gitaa moja kavu tu, lakini utaapa yanapigwa mawili.

Mkono wake wa kulia ulitumia vidole viwili pekee. Dole gumba lilitembeza besi ya kodi bila kuchoka, kidole cha shahada kikachukua solo juu yake. Kumbe skeli na kodi si vitu viwili. Noti za solo ziko pale pale karibu na vidole vyako.

Jaribu. Shika C. Gumba lipige waya wa tano, halafu wa nne, polepole. Sasa kwenye waya wa pili, inua kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, upate B. Kirudishe, upate C. Weka kidole kidogo fret ya tatu, upate D. Tayari unapiga skeli na kodi haijavunjika.

Mwishoni mwa miaka ya 50 Bosco alikuja Nairobi, akasikika redioni na kwenye matangazo ya dawa ya Aspro. Wapiga gitaa wa hapa wakamwiga. Mwaka wa 1969 alipanda jukwaa la Newport Folk Festival, Marekani. Alifariki 1990 katika ajali ya barabarani nchini Zambia.

Mimi bado gumba langu linateleza, lakini gitaa siuzi tena. Nawe kama unangojea bendi ndipo uanze, wacha kungoja. Bendi ya kwanza ni mkono wako.